Masika Mombasa: Mvua isikufungie hotelini, Mji wa Kale una mengi ya kukuonyesha

Na MWANDISHI WETU

SHULE zifungwapo mwezi wa Aprili, familia nyingi za bara hufunga safari ya Mombasa. Wapo wanaopanda gari la moshi la Madaraka Express, lililoanza safari zake mwaka wa 2017, na wapo wanaokesha ndani ya basi, watoto wakiota mchanga mweupe na mawimbi.

Aghalabu huwa wamesahau jambo moja. Aprili ndio mlango wa masika. Asubuhi ya kwanza wanaamka na kukuta anga imefumba, minazi inayumba na mvua inamwagika kana kwamba mbingu imepasuliwa.

Hapo ndipo huzuni huanza. Baba hufungua gazeti alilokwisha kulisoma jana, mama huhesabu pesa zilizolipiwa chumba, nao watoto hubandika nyuso zao kwenye kioo cha dirisha wakiuliza mvua itakatika saa ngapi. Siku tatu zikipita hivyo, familia hurejea bara ikiapa kwamba Mombasa haina la kuona pasipo jua.

Kauli hiyo haina ukweli. Mombasa ni mji wa karne nyingi, na waliouasisi waliijua mvua kuliko mgeni yeyote. Waliijengea kuta na mabaraza, wakaichimbia hodhi za kuikusanya na kuitegemea kwa maji ya kunywa. Anayeuzuru mji huu wakati wa kiangazi huyaona majengo. Anayeuzuru wakati wa mvua huelewa ni kwa nini yalijengwa jinsi yalivyojengwa.

Isitoshe, siku ya mvua humwonyesha mgeni jambo jingine ambalo jua hulificha: jinsi urithi huu unavyoliwa na maji mwaka baada ya mwaka, na kinachohitajika ili wajukuu wetu nao waukute.

Kuijua mvua yenyewe

Pwani ya Kenya ina misimu miwili ya mvua. Masika huanza mwishoni mwa Machi au Aprili na kufikia kilele chake mwezi wa Mei. Vuli, ambayo ni mvua fupi, hunyesha kati ya Oktoba na Disemba.

Misimu hiyo inakwenda sambamba na pepo. Kaskazi huvuma kutoka kaskazini mashariki kuanzia mwezi wa Disemba hadi Machi. Ndiyo iliyoleta majahazi kutoka Arabuni, Ghuba na Bara Hindi. Kusi huvuma kutoka kusini kuanzia Aprili, nayo ndiyo iliyowarudisha mabaharia makwao. Masika basi ni mlango wa kusi: upepo unageuka, bahari inachafuka na mawingu yanarundikana juu ya nchi.

Lakini ni nadra masika kunyesha kutwa kucha. Mara nyingi mvua kubwa ya pwani huanguka usiku na alfajiri, kisha hupumua. Kukipambazuka huenda pakawa na saa moja au mbili za manyunyu, halafu jua la ghafla lenye fukuto, halafu wingu jingine. Mtembezi anayeujua mwendo huo hupanga siku yake kwa vipande: kipande cha ndani wakati wa mvua, kipande cha nje wakati wa upenyo.

Faida nyingine ni ya mfuko. Masika ndio msimu wa wageni wachache. Hoteli nyingi hupunguza bei, na mahali ambapo mwezi wa Disemba mtu husukumana na umati, mwezi wa Mei hupita peke yake akisikia nyayo zake.

Ngome iliyoishi kwa maji ya mvua

Pa kuanzia ni Fort Jesus, ngome ambayo wenyeji wengi huiita Ngomeni. Wareno waliijenga kati ya mwaka wa 1593 na 1596 kwa ramani ya msanifu wa Kiitaliano, Giovanni Battista Cairati. Ikitazamwa kutoka juu, umbo lake ni kama la mtu aliyelala chali, kwa kuwa wasanifu wa enzi hiyo waliamini kwamba vipimo vya mwili wa binadamu ndivyo kipeo cha ulinganifu. Mwaka wa 2011, shirika la UNESCO liliiorodhesha miongoni mwa turathi za dunia.

Watu wengi huzuru ngome hii juani na kutoka baada ya nusu saa, jasho likiwatiririka. Siku ya mvua mambo ni tofauti. Ukuta wa matumbawe ukilowa hubadilika rangi, ukaonyesha alama za vipande vya mawe, viraka vya chokaa na mahali ambapo vizazi mbalimbali viliongeza au kuziba. Mkavu, ukuta huo huonekana kitu kimoja. Umajimaji ndio unaotenganisha kazi ya fundi mmoja na ya mwingine.

Mvua inaponyesha, mgeni pia hukumbuka swali ambalo kiangazi halimjii: watu waliozingirwa humu walikunywa nini?

Jibu limo ndani ya ua. Kuna hodhi iliyojengwa kuhifadhi maji ya mvua, na kuna kisima kirefu kilichochimbwa ndani ya mwamba. Kisima cha ngome iliyo ukingoni mwa bahari hakikosi chumvi, hivyo maji matamu yalikuwa yale yaliyotoka mawinguni. Askari aliyekuwa juu ya ukuta huu alilitazama wingu la masika kwa jicho la matumaini.

Umuhimu wa jambo hilo ulidhihirika katika mazingiwa makubwa yaliyoanza Machi 1696, Waomani walipoizunguka ngome. Yalidumu takriban miezi 33. Waliokuwa ndani, Wareno pamoja na Waswahili na Waafrika wengine waliokuwa upande wao, walimalizwa zaidi na maradhi na njaa kuliko risasi. Ngome iliangukia mikononi mwa Waomani mwezi wa Disemba 1698. Siku chache baadaye merikebu za msaada zilifika, zikaikuta bendera ngeni ikipepea.

Meli moja iliyotumwa kuwanusuru, Santo António de Tanná, ilizama mbele ya ngome mwaka wa 1697. Wapiga mbizi na wataalamu wa mambo ya kale waliichimbua chini ya bahari katika miaka ya 1970, na baadhi ya vitu vilivyopatikana vimo katika makumbusho yaliyo ndani ya ngome. Hapo ni mahali pazuri pa kumaliza saa nzima ya mvua kubwa: vyombo vya kauri, vyungu, na masalia kutoka miji ya kale ya pwani.

Yapo pia michoro ya ukutani iliyochorwa na Wareno waliokaa humo: meli, watu na samaki, kazi ya mikono ya watu waliokuwa na muda mwingi na habari chache kutoka kwao. Ni rahisi kuwaelewa mvua inapokufungia wewe mwenyewe ndani ya kuta zilezile.

Usiondoke kabla ya kuiona Nyumba ya Waomani, iliyo juu ya mojawapo ya ngome za pembeni, wala Njia ya Matao, mkato uliochongwa ndani ya mwamba kuelekea baharini. Kumbuka pia kwamba Waingereza waliigeuza ngome hii kuwa gereza kuanzia mwaka wa 1895 hadi 1958, na kwamba iligeuzwa makumbusho mapema katika miaka ya 1960.

Vichochoro, mabaraza na roshani

Hatua chache kutoka ngomeni ndipo Mji wa Kale unapoanzia. Barabara yake mashuhuri ni Ndia Kuu. Jina hilo ni la Kimvita: ndia ni njia, na kwa hakika kwa miaka mingi hii ndiyo iliyokuwa njia kuu ya mji.

Nyumba nyingi zinazoonekana leo zilijengwa katika karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20, ingawa mji wenyewe una umri mkubwa zaidi. Humo mna mkono wa Mswahili, wa Mwarabu na wa Mhindi. Milango ya nakshi ni ushahidi wa hayo, kadhalika roshani za mbao zinazoning'inia juu ya njia.

Roshani hizo huonekana kama mapambo mpaka mvua ianze. Ndipo mpita njia anapogundua kwamba akitembea akiambaa na ukuta, chini ya roshani moja hadi nyingine, anaweza kwenda mbali bila ya kulowa sana. Wembamba wa vichochoro nao una maana mbili. Wakati wa jua nyumba hupeana vivuli, na wakati wa mvua ya upepo hukingana.

Kisha kuna baraza, lile benchi la mawe lililoshikamana na ukuta wa mbele wa nyumba. Sote tunalijua kama mahali pa mazungumzo, pa kahawa na pa kucheza bao. Katika miji ya mawe ya Waswahili, kama vile Unguja, mabaraza yana kazi nyingine pia: njia inapogeuka kijito, watu hupita juu yake kama wapitao juu ya daraja.

Mwandishi huyu aliwahi kunaswa na mvua ya Mei katika mojawapo ya vichochoro hivyo, pamoja na familia moja ya watu wanne kutoka bara ambayo haikuwa na mwavuli hata mmoja. Mzee aliyekuwa ameketi barazani alisogea ili kutupisha.

"Shikamoo, mzee," tulimwamkia.

"Marahaba, wanangu. Karibuni muketi, mvua hii haina haraka."

Tulikaa pale muda wa kutosha kunywa kahawa chungu mara mbili. Mzee akawaonyesha watoto mahali ambapo maji yalikuwa yakiingia ndani ya ukuta wa nyumba ya pili, kupitia ufa usiozidi upana wa kidole. Aliwaambia kwamba ufa ule alikuwa akiutazama kwa miaka, na kila masika ulikuwa ukirefuka. Watoto wale walikuja Mombasa kuogelea. Nadhani walichokumbuka walipofika kwao ni ufa.

Matembezi hayo hayafai kukosa Msikiti wa Mandhry, ambao kwa kawaida hutajwa kuwa ulijengwa mwaka wa 1570 na ungali unatumika kwa ibada. Mnara wake mweupe ni wa mtindo usioonekana kwingi. Ng'ambo ya njia kuna kisima chake, ukumbusho mwingine kwamba katika mji huu maji matamu yaliheshimiwa. Asiye Mwislamu aombe ruhusa kabla ya kuingia katika msikiti wowote, na kila mgeni avae mavazi ya staha.

Karibu na ngome pia kuna Mahakama ya Kale, jengo la mwaka wa 1902 ambalo sasa liko chini ya Makumbusho ya Taifa. Nako katikati ya mji, soko la Marikiti huwakinga wanunuzi na mvua huku likiwafukizia harufu ya iliki, mdalasini na karafuu. Hewa nzito ya masika huifanya harufu hiyo ikae puani muda mrefu.

Kwa nini ukuta unaugua

Turudi kwenye ufa wa yule mzee, kwa sababu ndani yake mna habari yote ya Mji wa Kale.

Nyumba ya jadi ya pwani ilijengwa kwa vitu vinne: mawe ya matumbawe, chokaa, mchanga na boriti za mikoko. Chokaa ilipatikana kwa kuchoma matumbawe juu ya tanuri la magogo. Boriti ziliwekwa kutoka ukuta hadi ukuta kushikilia dari, na kwa kuwa boriti nzuri haiwezi kubeba uzito kwa urefu mkubwa, vyumba vingi vilikuwa vyembamba, wa upana wa karibu mita tatu tu. Mti wa mkoko ndio uliopima chumba.

Siri ya ukuta wa aina hii ni kwamba unapumua. Jiwe la matumbawe lina vitundu, na lipu ya chokaa haiyazuii maji kabisa. Mvua ikinyesha, ukuta hunywa kiasi. Jua likitoka, huyatoa maji yale tena kama mvuke. Ili mwendo huo uendelee salama, nyumba hupakwa chokaa mpya mara kwa mara na nyufa huzibwa kabla hazijakua. Ilikuwa kazi ya kila mwaka, sawa na mkulima anavyopalilia.

Kisha saruji ikaja. Ni ngumu, inapatikana katika kila duka la vifaa vya ujenzi, na fundi yeyote anajua kuitumia. Mwenye nyumba aliyeona lipu ya chokaa ikibanduka aliona ni busara kuipiga saruji mara moja na kupumzika.

Matokeo yake huwa kinyume. Saruji ni kavu na ngumu kuliko ukuta ulio nyuma yake, hivyo hupasuka ukuta unapojinyoosha. Maji huingia kupitia nyufa lakini hayapati njia ya kutoka. Hukaa ndani, yakiyeyusha chumvi iliyomo kwenye matumbawe na mchanga wa pwani. Yanapokauka kidogo, chumvi ile huganda na kulisukuma jiwe kutoka ndani hadi likageuka unga. Ncha za boriti, zilizozikwa ndani ya ukuta uliolowa, huoza bila ya mtu kuona. Kwa nje nyumba inang'aa. Siku moja ya masika dari huanguka.

Mgeni anaweza kujifunza kuyatambua haya kwa macho. Atazame alama ya unyevu inayopanda kutoka chini. Atazame unga mweupe wa chumvi juu ya lipu, mmea uliota ndani ya ukuta, au bati lililoliwa na kutu ambalo linamwaga maji ukutani badala ya kuyatupa njiani. Ishara hizi huonekana vizuri zaidi mvua ikinyesha au punde baada ya kunyesha.

Si haki, hata hivyo, kuwalaumu wenye nyumba pekee. Mafundi wanaoijua chokaa ni wachache. Nyumba nyingi ni za urithi, zenye warithi wengi ambao baadhi yao wako mbali, na kodi inayotoka kwa wapangaji haitoshi kukarabati ghorofa mbili za mawe. Wakati huohuo, ardhi iliyo chini ya nyumba hiyo ina thamani kubwa kwa anayetaka kujenga ghorofa za kupangisha.

Sheria zipo. Mji wa Kale ulitangazwa kuwa eneo la hifadhi mwanzoni mwa miaka ya 1990, na Sheria ya Makumbusho na Turathi ya mwaka wa 2006 inalinda majengo yaliyotangazwa kuwa kumbukumbu za taifa. Lakini sheria haizibi ufa. Chokaa ndiyo izibayo, na chokaa hununuliwa.

Jirani zetu wa Zanzibar wameonja uchungu wa jambo hili. Tarehe 25 Disemba 2020, sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba lililojengwa na Sultan Barghash mwaka wa 1883, iliporomoka wakati likiwa katika ukarabati, na watu wawili wakafariki. Jumba hilo lilikuwa limesimama kwa zaidi ya miaka 130. Kuporomoka kwake kulichukua muda mfupi mno.

Huku kwetu, bahari nayo imekuwa ikiumega mwamba ulio chini ya Fort Jesus, hali iliyolazimu kujengwa kwa ukuta wa kuvunja nguvu za mawimbi. Ngome iliyostahimili mizinga haikuwa na kinga dhidi ya maji.

Bustani hupendeza zaidi zikilowa

Baada ya mawe, mtembezi aingie bustanini. Mvua ikipungua kuwa manyunyu, hakuna wakati bora zaidi. Vumbi limeoshwa, majani yameng'aa na ndege wameanza kulia upya.

Aliye karibu na ngome aanze na Treasury Square, bustani ndogo iliyozungukwa na majengo ya kale ya serikali na benki. Katikati yake imesimama sanamu ya Allidina Visram, mfanyabiashara mashuhuri aliyefariki mwaka wa 1916, ambaye maduka yake yalienea kutoka pwani hadi Uganda.

Barabara ya Moi Avenue ina zile pembe za ndovu zijulikanazo kote nchini, zilizosimamishwa kwa mara ya kwanza mwaka wa 1952 kwa ajili ya ziara ya Elizabeth wa Uingereza. Watu wengi hupiga picha chini ya pembe na kwenda zao, bila ya kujua kwamba kando yake ipo Bustani ya Uhuru, yenye miti mikubwa inayotoa kivuli katikati ya kelele za matatu na tuktuk.

Ukitaka kuuona mbuyu katika hali yake njema, nenda Mama Ngina Waterfront, eneo lililokarabatiwa na kufunguliwa upya mwezi wa Oktoba mwaka wa 2019. Mibuyu ya hapo ni mikongwe. Wakati wa kiangazi husimama uchi, matawi kama mizizi iliyogeuzwa juu. Mvua zikija huvaa majani na shina lake nene huhifadhi maji ya kuuvusha mti hadi msimu ujao. Mbuyu, kama ngome iliyo jirani yake, una hodhi yake tumboni. Ukiwa hapo utaziona meli kubwa zikipita karibu kuelekea bandari ya Kilindini.

Hata hivyo, bustani inayostahili siku nzima iko nje ya kisiwa, upande wa kaskazini katika barabara ya kuelekea Malindi. Nayo ni Haller Park, Bamburi.

Mahali hapo palikuwa machimbo ya kiwanda cha saruji. Matumbawe yalichimbwa hadi ikabaki ardhi tupu, nyeupe, ya moto na yenye chumvi. Mwaka wa 1971, mtaalamu wa kilimo kwa jina René Haller alianza kujaribu kupanda miti humo. Kati ya aina 26 alizopanda, ni tatu tu zilizoweza kustahimili, ukiwemo mvinje na mnazi.

Mvinje ulikua, lakini ukaleta tatizo. Majani yake membamba kama sindano yalianguka na kurundikana bila ya kuoza. Suluhisho likawa jongoo. Haller alileta jongoo wekundu wa pwani, nao wakaanza kuyatafuna majani yale na kuyageuza kuwa mboji. Udongo ukapatikana, na juu ya udongo ule ikaota miti mingine, wakaja ndege na wanyama.

Jongoo hupenda unyevu. Anayezuru msitu huo juani huenda asimwone hata mmoja. Anayezuru masika atawakuta wakitambaa kazini, na mtoto atajifunza kwamba msitu mzima ulitegemea mdudu ambaye sisi humkanyaga.

Ndiko pia alikopelekwa Owen, yule mtoto wa kiboko ambaye habari zake zilizunguka dunia. Mvua kubwa za Disemba 2004 zilikuwa zimewasomba viboko kutoka Mto Sabaki hadi baharini, kisha tsunami ikaja. Owen aliokolewa akiwa peke yake, akapelekwa Bamburi na kumfanya kobe mkongwe aitwaye Mzee kuwa mlezi wake.

Msomaji ataona kinaya kilichopo hapa. Saruji ileile inayoziba pumzi za kuta za Mji wa Kale ndiyo iliyoacha shimo ambalo leo ni bustani. Kilichobadilisha shimo hilo ni mtu aliyekubali kujaribu, kushindwa na kujaribu tena kila msimu.

Jinsi ya kupanga siku

Kwa anayetaka kuufuata ushauri huu, mpango mwepesi ni huu. Asubuhi ya mvua, anza ndani ya makumbusho ya Fort Jesus. Mvua ikipungua kabla ya adhuhuri, tembea Ndia Kuu hadi Msikiti wa Mandhry na Bandari ya Kale, ukijihifadhi barazani kila inapobidi. Chakula cha mchana kile katika mojawapo ya mikahawa ya Mji wa Kale, ambako hutakosa pilau, viazi karai au mahamri kwa mbaazi. Alasiri ikifunguka, malizia chini ya mibuyu. Siku ya pili iwe ya Haller Park.

Tafuta mtembezaji mwenyeji mwenye kitambulisho, na mpatane malipo kabla ya kuanza. Yeye ndiye ajuaye ni kichochoro kipi hujaa maji na ni mlango upi una nakshi ya kutazamwa.

Vaa viatu vyenye nyayo zinazoshika, kwa maana jiwe lenye ukungu huteleza kama sabuni. Epuka ngazi za kushukia baharini wakati kusi imechafuka. Usisimame chini ya mti mrefu radi ikipiga, wala chini ya roshani iliyoinama au iliyooza. Kabla ya kupiga picha ya mtu au ya ndani ya nyumba, omba.

Aidha, sikiliza utabiri wa hali ya hewa. Kuna mvua za kutembea na kuna mvua za kubaki nyumbani. Waliopitia El Nino ya 1997 na ile ya mwishoni mwa 2023 hawahitaji kuelezwa tofauti. Barabara ikifurika, usijaribu kuvuka, iwe kwa miguu au kwa gari.

Pesa za masika

Limebaki jambo moja. Mtu anaweza kuuliza: mgeni mmoja mwenye mwavuli atausaidiaje ukuta wenye umri wa miaka 150?

Atausaidia kwa kuja. Nyumba ya kale husalimika ikiwa ina kazi. Ile iliyogeuzwa mkahawa, duka la vinyago au chumba cha wageni humpa mwenyewe sababu na uwezo wa kununua chokaa. Lakini biashara hizo hupata wateja Disemba na Agosti, kisha hukaa bila ya mteja masika yote, wakati uleule ambao paa linavuja na fundi anahitajika. Kikombe cha kahawa kinachonunuliwa mwezi wa Mei kina uzito kuliko vitatu vya Krismasi.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Tumezoea kuitumia methali hiyo kuwaonya watoto na viongozi, hata tukasahau kwamba ina maana yake ya wazi: kuna ufa, kuna maji na kuna ukuta. Katika Mji wa Kale wa Mombasa kuna kuta ambazo hakuna awezaye kuzijenga upya, kwa sababu waliojua kuzijenga wamekwenda.

Kwa hivyo Aprili ijayo, ukiamka na kuikuta anga imefumba, usiulize mvua itakatika saa ngapi. Chukua mwavuli, washike watoto mkono, mkaitazame ikianguka juu ya mji ulioizoea.